Baba Alirudi Mzima

Mwezi uliopita nilishuka Mafinga kutafuta dawa ya macho, na karibu na stendi nikamkuta fundi viatu ameketi chini, anakata tairi kuukuu kwa kisu alichokuwa akikichovya kwenye maji ya sabuni. Harufu ya mpira ule ilinifikia kabla sijamwona. Nikasimama katikati ya njia. Watu walinipita huku na huku, mmoja akanigonga bega akaomba radhi, na fundi akainua uso akaniuliza kama anipimie. Kwa kitambo kile sikuwa mama wa mtu wala bibi wa mtu. Nilikuwa mtoto wa miaka minane, nimechuchumaa uani kwetu kwenye baridi ya asubuhi, namtazama baba yangu anakata mpira kwa kisu kilichofungwa mkononi mwake kwa ukanda wa ngozi, maana vidole vya kukishikia hakuwa navyo.

Ninyi wa rika langu mnaukumbuka ugonjwa ule, na jinsi watu walivyoutaja kwa sauti ya chini. Wajukuu zetu wanausikia kanisani tu, Injili inaposomwa, wakadhani ukoma ni habari za Wayahudi wa kale. Sisi tuliujua kwa majina ya majirani.

Baba alipoondoka nilikuwa mdogo, na nakumbuka mambo mawili tu. Aliepua chungu cha maharage motoni kwa mikono mitupu, ngozi ya kiganja ikanuka, naye akaendelea kuzungumza na mama bila kukunja uso, hadi mama alipopiga kelele. Halafu nakumbuka lori la misheni lililomchukua, na mama aliyebaki barabarani mpaka vumbi likatua lote. Niliambiwa amekwenda kutibiwa mbali, kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma ambako masista walikuwa na vidonge vipya, na kwamba atarudi mzima. Neno hilo nililishika kama mtoto anavyoshika neno. Kila usiku kabla ya kulala niliomba baba arudi mzima, na mama akaitikia amina.

Alikaa huko miaka minne. Barua ilipofika, katekista aliisoma mara mbili mbele ya mama. Ilisema baba amepona, hana tena ugonjwa wa kumwambukiza mtu, amepewa cheti, na amefundishwa kazi ya mikono. Mama aliikunja akaitia kifuani, akaenda kuchota udongo mweupe wa kupaka ukuta.

Siku ya tatu baba mdogo Yohani alikuja na wazee wawili wa ukoo. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, na sitaki mumfikirie hivyo. Msimu mmoja alitulimia shamba zima, na nilipougua kichomi alinibeba mgongoni hadi zahanati. Lakini alikuwa na watoto watano, na hofu yake ilikuwa hofu ya watoto watano. Alieleza kwa upole kwamba ukoo umekaa ukaona ni vema kaka yao ajengewe kibanda ng'ambo ya kijito, kule kwenye miti ya miwati, chakula apelekewe, na watoto wasivuke. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Aliwaacha wakamaliza yote waliyokuja nayo, ndipo akasema, "Nyumba hii aliijenga yeye. Kama mmetaka kujenga nyingine, jengeni, lakini mtalala ndani yake wenyewe."

Wale wazee walitazamana. Wakaaga wakaondoka, na kibanda hakikujengwa. Lakini hata ukuta wetu, ambao kwa desturi wanawake wa pale walipaka pamoja wakiimba, mama aliupaka peke yake.

Baba alikuja kwa miguu kutoka barabara kuu, kofia kichwani, sanduku dogo la mbao likining'inia begani kwa kamba. Nilimkimbilia. Zilipobaki hatua chache nikaona mikono yake. Kulia vidole vilikuwa vimekatika kwenye viungo, vimebaki vifupi kama vya mtoto mchanga, na kushoto kilibaki kidole gumba peke yake kilichonyooka. Niliona pia kwamba nilipofika karibu alirudi nyuma hatua moja, akaificha ile mikono kwenye mifuko ya koti.

Kwa akili yangu ya miaka minane lilikuwa jambo lenye maelezo mepesi. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba mgonjwa akizidiwa hubakizwa hospitali, na wenzake waliopona hutangulia nyumbani. Basi vidole vilikuwa vimebakizwa. Vilikuwa bado havijapona. Jioni ile, tukiwa tumekaa motoni, nilimuuliza vidole vyake vitaletwa lini, na kama vitakuja kwa lori lile lile. Mama akaacha kukoroga ugali. Baba hakucheka wala hakunikemea. Aliniambia havitakuja, na kwamba yeye ndiye mzima aliyekuja, nimpokee hivyo hivyo.

Nilimpokea, lakini yeye hakunigusa. Siku zikawa wiki, wiki zikawa mwezi. Nilipompelekea maji ya kunawa alinielekeza niyaweke chini. Nilipokaa karibu naye alisogea. Aliongea nami kwa upendo, alinisimulia hadithi za huko alikokuwa, lakini ule mkono wake ulikaa mfukoni kama kwamba umekatazwa kunifahamu. Nikaamua moyoni kwamba aliporudi alikuta mtoto ambaye hakumtaka. Labda alitarajia mvulana. Labda nilimkasirisha kwa lile swali la vidole. Sikumwambia mtu.

Wakati huo watu nao walitufundisha mahali petu papya. Kanisani benchi letu lilibaki na sisi watatu tu, huku mabenchi mengine watu wakibanana. Kwenye ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, baba alipokaribia waliitikia salamu yake ya "kamwene" vizuri, wakamtolea kopo lake peke yake, la bati, lililotundikwa kwenye msumari nje ili mtu asilitumie kwa bahati mbaya. Shuleni rafiki yangu aliambiwa asinywe kwenye kata niliyonywea. Na kwenye chemchemi wanawake walimwambia mama, kwa heshima, kwamba ingefaa awe anachota wa mwisho. Kuanzia siku hiyo mama alidamka kabla ya jogoo wa pili, akafika wa kwanza, akakaa juu ya ndoo yake. Wenzake walipofika alisimama, akachota kwa zamu yake, akawasalimu mmoja mmoja kwa jina la mtoto wake, akaondoka. Hakugombana na mtu. Alifanya hivyo kila siku, mvua na ukungu, mpaka wakachoka kumtazama.

Alimwendea pia yule mhudumu wa zahanati ya misheni ambaye sote tulimwita dresa. Akamwomba aje aseme. Dresa alikuja kwa baiskeli Jumapili mbili, akasimama baada ya misa akaeleza kwamba ugonjwa umekwisha mwilini mwa mtu huyu, kwamba vidole vilivyokatika ni kovu tu kama kovu la moto, na kovu haliambukizi. Jumapili ya pili aliagiza lile kopo la bati, baba akanywa, naye akanywa lililobaki. Watu walimsikiliza kwa adabu. Njiani kurudi nilisikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake kwamba dresa anaweza, yeye ana dawa zake nyumbani.

Mvua za kwanza zilipofika mama aliita mgowe. Ndiyo desturi yetu, majirani wanakuja siku moja kulima shamba la mtu mmoja, naye anawapikia na kuwapa ulanzi, kesho wanakwenda kwa mwingine. Alipika tangu alfajiri, chungu kikubwa cha makande. Jua lilipanda, likafika utosini. Hakuja mtu. Mama alifunika chungu, akachukua jembe lake, akanipa langu dogo. Baba alijifunga jembe mkononi kwa ule ukanda wa ngozi, tukaenda tukalima watatu hadi jua likaelekea kuzama. Tulikula makande yale siku nne. Siku ya nne mama alisema, akikwangua chungu, kwamba mwakani ataita tena.

Baba naye hakukaa kungoja huruma. Ndani ya lile sanduku la mbao kulikuwa na visu vitatu, nyundo, sindano nene na ukanda wa kuvifungia mkononi. Kule kituoni walimfundisha kushona viatu vya tairi vyenye kitako laini ndani, maana miguu iliyokufa ganzi haisikii mwiba wala kaa la moto, na jeraha lisilouma ndilo linalomla mtu. Tairi alizipata Mafinga, kwa Bwana Athumani, mfanyabiashara mmoja ambaye babu yake alitoka pwani, mwenye duka kando ya barabara kuu mahali malori yanapopumzika. Alimwambia baba kwamba kwa dini yake kumfukuza mtu mlangoni ni dhambi, na kwamba tairi zile zinamzalia nyoka tu nyuma ya duka, azichukue zote. Baba alianza kukata viatu. Watu walivitazama kwa mbali. Jembe, kanga na chumvi wangeweza kuazima kwetu kwa kujikaza, lakini kiatu kilichotoka mkononi mwake kikavaliwa mguuni, hapana.

Wa kwanza kuvuka uani kwetu kwa haja alikuwa Mama Tabitha. Alikuwa jirani wa juu ya kilima, mjane. Binti yake Tabitha, aliyenizidi kama miaka minne, homa ilimlaza alipokuwa mtoto na ikaiacha miguu yake imenyauka, akawa anatambaa. Magoti yake yalikuwa na ugumu kama kwato, na wakati wa mvua yalipasuka. Mama yake alikuwa akimbeba mgongoni, na sasa Tabitha alikuwa mzito kuliko mgongo huo. Alisimama mbele ya baba, akasema bila kuzunguka kwamba amesikia anajua kuuhami mguu usichomwe na mwiba, je, anaweza kuyahami magoti.

Baba alisema anaweza. Alisema pia kwamba akiona mtoto mwenyewe pengine ataweza zaidi ya hapo.

Siku iliyofuata alimleta. Baba alitandika gunia, akaketi mbali kidogo, akanipa kamba nimpime Tabitha kwa niaba yake. Nilijivunia sana. Nilizungusha kamba kwenye goti, nikapiga fundo, nikampelekea. Akaiangalia, akaniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu Tabitha alichoka. Alijiburuta kwa mikono miwili hadi alipo baba, akautoa mkono wa baba mfukoni, akauweka juu ya goti lake mwenyewe.

"Nipime wewe, Baba Yusta," alisema. "Kamba ya mwanao imepinda."

Nilimwangalia mama yake. Alikuwa amefumba midomo, vidole vyake vimeshika upindo wa kanga, lakini hakumzuia. Baba aliutazama mkono wake mahali pale ulipokuwa, kama mtu anayetazama kitu cha mtu mwingine. Halafu akaanza kupima. Alipapasa goti, paja, kifundo, akapima urefu hadi kwapani, akiongea na Tabitha kwa sauti ile ile aliyoongea nami.

Mimi nilisimama na kamba yangu. Nikaitupa kamba motoni. Nikakimbilia nyuma ya nyumba, kwenye mahindi, nikalia mpaka pua ikaziba. Huko ndiko baba alikonikuta wageni walipoondoka. Aliniuliza kama Tabitha amenikosea. Nikamwambia, kwa maneno ambayo bado naona haya kuyakumbuka, kwamba yule ni kilema na si mtoto wake, naye amemshika; mimi ni mtoto wake, sina kasoro, na hajanishika hata siku moja tangu alipokuja.

Baba akakaa chini kwenye matuta. Nilidhani amekasirika. Aliponiangalia niliona macho yake yamejaa.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Cheti kinasema nimepona. Dresa anasema nimepona. Mama yako anasema. Mimi peke yangu ndiye sikuamini."

Akaniita. Nikasogea, na akanishika uso kwa mikono yake yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vigumu na vya baridi, na nilihisi vile visehemu vya vidole kwenye masikio yangu. Mpaka siku hiyo nilikuwa nadhani wenye hofu ni watu wa nje tu, wale wa chemchemi na wa kanisani. Sikujua mtu anaweza kujitenga na mwanawe kwa kumpenda. Na lile neno nililomwita Tabitha, kilema, baba hakuliacha lipite. Aliniambia nyumba hii ina kilema mmoja tayari, na ndiye anayelisha watu ndani yake, kwa hiyo nilitumie kwa uangalifu.

Alimtengenezea Tabitha vitu viwili. Kwanza vifuniko vya magoti vya mpira, vyenye pamba ndani. Halafu, baada ya wiki tatu za kukata na kutupa, magongo mawili ya mti wa muwati, kwapani yamefungwa ngozi, chini yamevikwa mpira yasiteleze kwenye tope letu jekundu. Tabitha alianguka siku nyingi. Alianguka uani kwetu, akaanguka kwenye mteremko wa kwao, akajipasua nyusi. Alikuwa na hasira ambayo sijaiona tena kwa mtoto: akianguka alikataa kuinuliwa. Siku alipofika kanisani kwa magongo yake alipita katikati ya watu wote, magongo yakigonga sakafu, akaja kuketi kwenye benchi letu. Mama yake akamfuata. Tukawa watano.

Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa watu kuendelea kuviogopa viatu. Alikuja babu mmoja mwenye kidonda cha mguu. Alikuja mama wa mtoto aliyezaliwa mguu umegeuka, baba akamwambia hili siliwezi, akaenda naye mwenyewe hadi Tosamaganga hospitalini, kwa sababu mama yule hakujua pa kuanzia. Nadhani ndivyo ilivyoanza ile kazi ambayo haikuwa na jina. Aliyejua njia alimpeleka asiyejua. Aliyebaki alimlimia aliyesafiri.

Mvua ziliporudi mama aliita mgowe, kama alivyosema. Alipika chungu kile kile. Alikuja Mama Tabitha na ndugu zake wawili, yule babu na wanawe, na wanawake wanne wa chemchemi. Bwana Athumani alituma chumvi na mbaazi. Wengi wengine hawakuja, na wengine hawakuja kamwe hadi wakafa. Jua likiwa limepanda nilimwona baba mdogo Yohani amesimama mwanzoni mwa shamba, jembe begani. Baba alimwona, akasogea kwenye mstari wake akaacha nafasi ya mtu mmoja. Baba mdogo akaingia. Walilima bega kwa bega hadi mchana bila kusemezana, na ulanzi ulipoletwa baba mdogo alipokea kata kutoka mkononi mwa kaka yake, akanywa, akafuta mdomo, akasema umekolea.

Mwishoni mwa msimu huo alifika kwetu mwanamke anayeitwa Leonia, na kibahasha cha cheti kama cha baba. Walifahamiana huko kituoni. Kwao kulikuwa mbele yetu, mwendo wa nusu siku, lakini alipofika kwetu miguu yake ilikataa kuendelea. Alisema atapumzika siku mbili. Akapumzika wiki mbili. Alifagia, alipika, alinisuka nywele kwa vidole vyake vilivyokakamaa, na kila tulipomuuliza alisema kesho. Jioni moja mama alimwambia kwamba kesho ndiyo hiyo imefika, na kwamba hataenda peke yake.

Tulikwenda sita: baba, mama, Leonia, Mama Tabitha, Tabitha kwa magongo yake, na mimi. Tulipumzika kila Tabitha alipopumzika. Tulifika kwao Leonia mchana. Mama yake, bibi mwembamba mwenye unga mikononi, alitoka mlangoni, akamwona binti yake, akapiga hatua moja mbele, kisha akasimama. Akatuangalia sote: mikono ya baba, magongo ya Tabitha, uso wa Leonia uliokosa nyusi. Ndani kulikuwa na sauti za watu. Mwanamume mmoja akamwita bibi yule arudi.

Mama alimwamkia kwa heshima zote za kwetu, akipiga magoti. Halafu akasema, "Tumemleta mtu wenu. Amepona. Tumetoka mbali, kwa hiyo tutakaa hapa nje kidogo."

Akaketi chini uani, akanyoosha miguu. Sisi nasi tukaketi. Leonia aliketi katikati yetu, ameinamisha kichwa. Bibi aliingia ndani. Tulisikia wakibishana, sauti ya mwanamume ikipanda, ya bibi ikiwa chini. Kuku walitupitia. Tabitha aliniegemea akasinzia. Kivuli cha nyumba kilitufikia miguuni, kikapanda hadi magotini, na mama hakujitikisa.

Kisha ule ubishi ukanyamaza, na ndani ya nyumba tukasikia ufagio. Mtu alikuwa anafagia chumba, taratibu, pembe kwa pembe, kama mtu anavyofagia pa kulala. Leonia aliinua kichwa. Ufagio ukaendelea. Alisimama mwenyewe, akachukua furushi lake, akaingia.

Mama akakung'uta nguo yake. "Twende," alisema, "bado tuna njia."